Springi za treni ya uani si anasa, ni usalama

Mwaka 1950, nyuma ya nyumba yake katika eneo la Holmby Hills jijini Los Angeles, mtengenezaji filamu Walt Disney alianza kuendesha treni ya mvuke iliyopunguzwa hadi sehemu moja ya nane ya treni halisi. Reli zake mbili ziliachana kwa inchi 7¼, yaani milimita 184. Njia nzima ilikaribia mita 800, ikipita juu ya daraja la mbao na ndani ya handaki lililochimbwa chini ya bustani ya maua ya mkewe, Lillian, ambaye injini ilipewa jina kwa heshima yake, Lilly Belle. Wageni walikaa juu ya mabehewa ya mizigo, wakubwa kwa wadogo, wakazungushwa kiwanja kizima.

Mwaka 1953 burudani hiyo ilikoma. Mgeni aliyekuwa akiendesha aliingia kwenye kona kwa kasi, treni ikaacha reli, na mvuke ukamuunguza mtoto wa kike. Disney akaifunga njia. Mapenzi yake kwa treni hayakuisha, kwani Disneyland ilipofunguliwa Julai 1955 ilikuwa na reli yake inayoizunguka, lakini treni ya uani haikurudi tena.

Siku ile kilichoponza ni kasi. Hata hivyo, tukio hilo linafundisha jambo ambalo kila anayejenga treni ya aina hii anapaswa kulitia moyoni. Treni ni ndogo, ila abiria ni binadamu kamili. Anapanda na kilo zake zote, na mara nyingi ni mtoto aliyepakatwa na mzazi wake. Ndiyo maana makala haya hayahusu injini inayopendeza macho. Yanahusu kifaa ambacho abiria hakioni, yaani kigari cha magurudumu manne kinachokaa chini ya kila ncha ya kibehewa, ambacho watu wa reli hukiita bogi.

Hoja yangu ni moja. Springi zilizomo ndani ya kigari hicho hazikuwekwa kwanza kwa ajili ya starehe. Kazi yake kubwa ni kuhakikisha kwamba kila gurudumu linaikandamiza reli muda wote, kwa sababu gurudumu lisiloikandamiza reli ndilo litakaloiacha.

ABIRIA MKUBWA, RELI NYEMBAMBA

Burudani hii ina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Jarida la Model Engineer, lililowalea mafundi wengi wa karakana za nyumbani, lilianzishwa London na Percival Marshall mwaka 1898. Leo treni za kupandwa zina klabu Uingereza, Marekani, Kanada na Australia. Upana wa inchi 7¼ ndio unaotumika Uingereza na kaskazini-mashariki mwa Marekani, na sehemu kubwa iliyobaki ya Marekani hutumia inchi 7½, yaani milimita 190.5. Reli ya Train Mountain, iliyo karibu na mji wa Chiloquin katika jimbo la Oregon, iliingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness mwaka 2004 kwa kuwa ndefu kuliko zote za aina yake duniani.

Mahesabu ya treni hizi yana mtego wake. Ukipunguza urefu, upana na kimo mara nane, uzito unapungua mara 512. Behewa tupu la mizigo la tani 25 linakuwa na takribani kilo 49. Abiria hapungui hata kidogo. Weka watu wazima wawili wa kilo 75 kila mmoja juu ya kibehewa cha kilo 60, na mzigo juu ya springi unapanda kutoka kilo 60 hadi 210, yaani mara tatu na nusu.

Behewa la kawaida la abiria halikutani na shida ya namna hiyo. Chukua behewa la tani 40, lipakie watu 80 wa kilo 70. Umeongeza tani tano na nusu tu, kama asilimia 14 ya uzito wake. Kwa hiyo kibehewa cha uani, japo kinabeba watu, kina tabia ya behewa la mizigo. Saa moja ni kitupu na chepesi, saa inayofuata kimejaa hadi pomoni. Springi inayofaa kikiwa kimejaa inaweza kuwa ngumu mno kikiwa kitupu, na hapo ndipo magurudumu huanza kuruka.

Kuna jambo la pili, nalo ni kimo. Katika behewa la kawaida, kitovu cha uzito huwa kwenye kimo kinachokaribia upana wa reli au kuuzidi kidogo. Kwenye kibehewa cha uani, kiti kinaweza kuwa sentimita 30 juu ya reli, na kitovu cha uzito wa mtu aliyeketi ni sentimita 20 na zaidi juu ya kiti. Tunazungumzia nusu mita ya kimo juu ya njia yenye upana wa sentimita 19. Mtu akiinama pembeni kuokota kofia iliyodondoka, kibehewa kizima kinahisi.

NJIA HAINYOOKI KAMWE

Reli ya uani hulazwa juu ya mataruma membamba na kokoto zisizo na kina. Mvua ikinyesha udongo unatitia, mzizi wa mti unainua upande mmoja, jua linazisukuma reli. Matokeo yake ni njia iliyojipinda, upande wa kushoto ukiwa juu kwa milimita mbili au tatu kuliko wa kulia, na hatua moja mbele mambo yakigeuka.

Sasa fikiria kigari kilichochomelewa kikawa kipande kimoja kigumu, magurudumu manne yakiwa kwenye fremu isiyokubali kupinda. Kwenye njia iliyojipinda, magurudumu matatu yanabeba mzigo na la nne linaning'inia. Akina mama walilijua hilo zamani, ndiyo maana mafiga ni matatu. Chungu juu ya mawe matatu hakiyumbi hata kama ardhi imeinama. Gurudumu linaloning'inia halina uzito wa kulizuia, na likifika kwenye kona, ukingo wake unaisukuma reli kwa ubavu, unapanda, na safari inaishia kwenye majani.

Wahandisi wa karne ya 19 walikutana na tatizo hilohilo kwa ukubwa wake kamili. Mwingereza William Chapman alipata hataza ya kigari kinachozunguka chini ya gari mwaka 1812. Huko Marekani, ambako reli zililazwa haraka, kwa gharama ndogo na juu ya ardhi isiyotengenezwa vizuri, injini ngumu zilizoagizwa kutoka Uingereza zilizitesa njia na mara nyingine kuziacha. Mwaka 1832 John B. Jervis, mhandisi wa reli ya Mohawk and Hudson katika jimbo la New York, aliweka kigari cha magurudumu manne mbele ya injini ili kiitangulie kwenye kona. Mwaka 1838 Joseph Harrison wa Philadelphia akapata hataza ya wenzo unaogawa mzigo kati ya magurudumu, hivi kwamba moja likipanda jingine linashuka, na yote mawili yanaendelea kubeba.

Nawaheshimu sana watu hao kwa uamuzi walioufanya. Hawakusubiri njia iwe kamilifu. Waliikubali ilivyo, wakalipa gurudumu uhuru wa kuifuata. Mjenzi wa uani anayetumia siku nzima kunyoosha reli bila kugusa vigari vyake anapigana vita ambavyo vilikwisha kupata jawabu karibu miaka mia mbili iliyopita.

VIPANDE VITATU

Muundo unaowafaa wajenzi wengi ni ule wa kigari cha behewa la mizigo la Marekani. Una vipande vikuu vitatu, yaani fremu mbili za ubavu na boriti moja inayokatiza katikati. Kila fremu ya ubavu inashika ncha za ekseli mbili. Katikati yake kuna dirisha, na ndani ya dirisha hilo springi zinakaa chini, ncha ya boriti inakaa juu yake. Kibehewa kinaegemea katikati ya boriti kwa pini kuu, ambayo inakiruhusu kigari kuzunguka kwenye kona.

Uzuri wa muundo huu ni kwamba fremu mbili za ubavu hazikufungwa pamoja. Gurudumu la mbele kushoto likipanda juu ya kiungo cha reli kilichonyanyuka, fremu ya kushoto inainama peke yake na ile ya kulia inabaki ilivyokuwa. Magurudumu yote manne yanabaki chini hata kabla springi hazijafanya lolote. Springi huja kumalizia kazi kwa kumeza mishtuko na kugawa mzigo kati ya pande mbili.

Karakana ya nyumbani haihitaji kusubu chuma. Flati bar nene zilizokatwa na kuunganishwa kwa bolti zinatosha kwa fremu za ubavu, na bomba la mraba linatosha kwa boriti. Katika kipimo cha moja kwa nane, ekseli mbili za kigari huachana kwa takribani milimita 210. Sharti lisilokwepeka ni nafasi. Ncha ya boriti iwe na uwazi kidogo ndani ya dirisha, pande zote, ili fremu iweze kuinama bila kung'ang'ania. Fundi mwenye bidii akikaza kila kitu hadi kisitikisike, amekirudisha kigari kuwa kipande kimoja kigumu bila kujua.

KUCHAGUA SPRINGI KWA HESABU

Wengi hununua springi kwa kuitazama na kuibonyeza kwa kidole gumba. Hesabu yake si ngumu, na inaokoa fedha. Ugumu wa springi ya mzunguko hupanda kwa kipeo cha nne cha unene wa waya, hushuka kwa kipeo cha tatu cha kipenyo cha mzunguko, na hushuka tena kwa kadiri idadi ya mizunguko inavyoongezeka.

Chukua waya wa chuma wa milimita 5, kipenyo cha katikati ya mzunguko milimita 25, na mizunguko sita inayofanya kazi. Springi hiyo inahitaji karibu kilo 6.7 ili ibonyee milimita moja. Kibehewa chetu kina vigari viwili, na kila kigari kina springi moja kila upande, hivyo jumla ni nne. Kikiwa kitupu kila moja inabeba kilo 15 na kubonyea milimita 2.2. Watu wawili wakipanda kila moja inabeba kilo 52.5 na kubonyea milimita 7.8. Tofauti haifiki milimita 6, na viunganishi vya mabehewa vinaweza kuivumilia bila kuachiana.

Sasa badilisha waya uwe wa milimita 6 na mengine yote yaache vilevile. Ugumu unapanda zaidi ya mara mbili kwa milimita moja tu. Kibehewa kitupu kitakaa juu ya springi hizo kana kwamba hazipo. Ndiyo maana jicho na kidole gumba havifai kuwa waamuzi hapa.

Springi iliyopatikana dukani bila maelezo inaweza kupimwa nyumbani. Isimamishe juu ya mzani wa kupimia uzito wa mwili, ibonyeze polepole kwa mashine ya kutoboa iliyozimwa, kisha soma kilo kwa kila milimita inayoshuka. Angalia pia urefu wake. Ikiwa na mizunguko minane ya waya wa milimita 5, ikibanwa kabisa inafikia milimita 40 na haiendi zaidi. Lazima kuwe na nafasi ya mzigo kamili na nafasi nyingine ya mshtuko, kwa hiyo springi yenye urefu wa milimita 55 hivi ikiwa huru ni chaguo la busara.

ULAINI UNA MPAKA

Atatokea wa kusema kwamba kama springi ngumu ni hatari, basi springi laini sana ndiyo dawa. Hapana. Chukua springi zetu nne, na kila jozi iachane kwa sentimita 25 kutoka ubavu hadi ubavu. Mmoja wa wale abiria wawili wa kilo 75 akisogeza mwili wake sentimita 10 pembeni, kibehewa kinainama kwa digrii moja na kitu. Zifanye springi hizo laini mara nne, na mwinamo huohuo unapita digrii 10, kwa sababu kadiri kibehewa kinavyoinama ndivyo uzito wa abiria ulio juu unavyozidi kukivuta. Hapo kuanguka kunakuwa karibu sana.

Kinga ya kwanza ni kushusha kiti. Kila sentimita inayopungua kwenye kimo ni faida ya kudumu. Kinga ya pili ni vitegemeo vya ubavuni, yaani vipande viwili vinavyowekwa kati ya boriti na sakafu ya kibehewa, kushoto na kulia kwa pini kuu. Kwenye kigari kimoja vitegemeo hivyo viachiwe uwazi mdogo sana, ili kibehewa kisilale. Kwenye kigari cha pili uwazi uwe mkubwa zaidi, ili kiweze kuyumba kufuata njia iliyojipinda bila kukilazimisha kibehewa kizima kujipinda nacho.

Springi peke yake pia hurukaruka. Mabehewa makubwa ya mizigo hutumia kabari zinazosuguana na fremu ili kuua mruko huo. Kwenye kigari kidogo, msuguano wa ncha ya boriti dhidi ya kingo za dirisha mara nyingi unatosha, mradi nyuso hizo ziwe laini na zisipakwe grisi kupita kiasi.

MAGURUDUMU NA BERINGI

Gurudumu la behewa la mizigo la inchi 33 linakuwa na milimita 105 katika kipimo cha moja kwa nane. Linakerezwa kutoka chuma cha kusubu au chuma cha kawaida, na uso wake haukai bapa. Unainama kidogo kutoka kwenye ukingo kwenda nje. Magurudumu mawili ya ekseli moja yamekazwa pamoja, hayawezi kuzunguka kwa kasi tofauti. Mwinamo huo ndio unaoyarudisha katikati ya njia, maana ekseli ikisogea kushoto, gurudumu la kushoto linakanyaga sehemu yenye kipenyo kikubwa zaidi na lile la kulia sehemu yenye kipenyo kidogo, na ekseli inajiongoza kurudi. Anayekereza gurudumu bapa ameachia ukingo kazi yote ya kuongoza.

Umbali kati ya migongo ya magurudumu mawili upimwe sehemu kadhaa kuzunguka duara, na usomeke sawa kote. Ukitofautiana, gurudumu limekaa mshazari, na kila mzunguko mmoja litaipiga reli ubavuni.

Kuhusu beringi, namba 6204 inajulikana na kila muuza vipuri wa Afrika Mashariki. Tundu lake ni milimita 20, kipenyo cha nje milimita 47, upana milimita 14. Mzigo wa kila gurudumu hapa hauzidi sana kilo 30, na beringi hiyo inaubeba bila jasho. Lakini ina udhaifu ambao wajenzi wengi hawaufikirii. Gurudumu moja likipanda milimita 3 kwenye njia ya milimita 190, ekseli inainama karibu digrii 0.9, na beringi ya kawaida inavumilia sehemu ndogo tu ya digrii moja. Ikikazwa kwenye fremu, ama inalika yenyewe au inaizuia ekseli isiinuke.

Kuna njia mbili za kutoka hapo. Ya kwanza ni kuiachia beringi nafasi ndogo ndani ya kikombe chake, na kukikereza kikombe hicho kiwe na mviringo kidogo ili beringi iweze kuinama. Ya pili ni kutumia beringi inayojinyoosha, namba 1204, yenye vipimo vilevile vya milimita 20, 47 na 14. Inaingia mahali pa 6204 bila kubadilisha chochote, na inavumilia zaidi ya digrii mbili.

UFUNDI TUNAO

Kwetu Afrika Mashariki tuna reli za upana wa aina tatu. Ipo ya mita moja iliyorithiwa kutoka enzi za ukoloni, ipo TAZARA ya milimita 1,067, na ipo reli ya kisasa ya milimita 1,435. Mabehewa yake yote yanategemea kanuni hii ya gurudumu linaloifuata njia. Aliyewahi kulala kwenye treni ya Kigoma, akihisi behewa likiinama huku na kurejea, amelala juu ya kanuni hiyo usiku kucha.

Sioni sababu ya ujuzi huu kubaki vitabuni. Kigari kimoja kina kukereza, kutoboa, kuchomelea, kupima na hesabu ya springi, vyote ndani ya kitu kinachobebeka mikononi. Mafundi wa Gerezani jijini Dar es Salaam na wa Kamukunji jijini Nairobi wanavifanya vitu vigumu kuliko hivi kila siku. Mwanafunzi wa chuo cha ufundi akijenga kigari kimoja hadi kikafaulu majaribio, ataelewa kwa nini behewa halisi linakaa njiani kuliko atakavyoelewa kwa kuchora ubaoni mwaka mzima.

KABLA YA KUPAKIA MTU

Kibehewa kikikamilika, kisipakie mtu siku hiyo. Kisimamishe kwenye kipande cha njia iliyonyooka. Ingiza bapa la chuma la milimita 3 chini ya gurudumu moja, kisha jaribu kupitisha karatasi chini ya magurudumu mengine yote, moja baada ya jingine. Karatasi isipite popote. Rudia kwa kila gurudumu. Fanya hivyo kwanza kibehewa kikiwa kitupu, maana hapo ndipo springi ngumu hujulikana, kisha kikiwa na mifuko ya mchanga yenye uzito wa abiria, maana hapo ndipo springi laini hujulikana.

Baada ya hapo kisukume kwa mkono kuzunguka njia nzima, jicho likiwa kwenye magurudumu, hasa mahali ambapo kona inaanza na inapoishia. Kivute kwa injini kikiwa na mchanga, kwa mwendo uleule utakaobeba watu. Kisha watu wazima. Watoto wawe wa mwisho.

Kibehewa kinachoshindwa jaribio la bapa la milimita 3 kirudi karakanani, hata kama rangi yake imekauka na wageni wamekwisha kualikwa. Rangi haibebi mtu, na mwaliko unaweza kuahirishwa.